Maisha ya Sayyidna Ali bin Abi Talib (R.A.): Kadhi Asiyehukumu kwa Dhana

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, Mbora wa wanaohukumu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila anayefuata uongofu wao mpaka siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.

Wapenzi wanafunzi, na nyinyi wazazi mnaosoma gazeti hili pamoja na watoto wenu, mtoto wa madrasa ukimuuliza Sayyidna Ali (R.A.) ni nani, mara nyingi atakutajia upanga. Atakutajia vita vya Badr, vya Khandaq na vya Khaybar. Hayo ni kweli na ni fahari yetu. Lakini kuna ushujaa mwingine wa Sayyidna Ali ambao hausimuliwi sana, nao ni ushujaa wa kusimama mbele ya hukumu iliyokwisha kutolewa, watu wako njiani kwenda kuitekeleza, na kusema kuwa mrudisheni mtu huyu, kwa sababu ushahidi haumtii hatiani. Katika makala haya tutayatazama maisha yake kwa upande huo, inshaallah.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Sayyidna Ali alizaliwa Makka, kiasi cha miaka kumi kabla ya Mtume (S.A.W.) kupewa utume. Baba yake ni Abu Talib, ami yake Mtume, na mama yake ni Bibi Fatima bint Asad. Wazazi wake wote wawili ni wa ukoo wa Bani Hashim.

Makka iliingiwa na ukame na njaa, na Abu Talib alikuwa na watoto wengi na mali kidogo. Mtume (S.A.W.), kabla ya kupewa utume, alimwendea ami yake mwingine, Abbas, wakashauriana wampunguzie mzigo. Abbas akamchukua Jaafar, na Mtume akamchukua Ali. Kwa hiyo Ali alilelewa ndani ya nyumba ya mtu ambaye Makureshi wenyewe walimwita Al-Amin, yaani mwaminifu. Uislamu ulipokuja, Ali akawa wa mwanzo kuamini katika vijana, naye bado ni mtoto wa umri kama wenu.

Mwaka 622, usiku wa Hijra, Makureshi waliizunguka nyumba ya Mtume wakitaka kumuua. Sayyidna Ali ndiye aliyelala kwenye kitanda chake. Watu huikumbuka sana hatari ya usiku ule, lakini tuangalie na kazi aliyoachiwa. Alibaki Makka ili awarudishie wenyewe amana walizokuwa wameziweka kwa Mtume. Wengi wa wenye amana hizo walikuwa hawajaamini, na mji wao ndio uliokuwa ukimfukuza Mtume. Hata hivyo haki yao haikupotea. Ali akawapa kila mmoja chake, kisha ndipo akahama kwenda Madina. Mwaka wa pili wa Hijra akamuoa Bibi Fatima (R.A.), binti ya Mtume, wakapata Hasan na Husein, na Zainab na Ummu Kulthum, Allah awaridhie wote.

KUTUMWA YEMEN KUWA KADHI

Mtume (S.A.W.) alipotaka kumpeleka Ali Yemen akahukumu baina ya watu, Ali aliingiwa na hofu. Alimweleza Mtume kuwa yeye ni kijana, na huko anakopelekwa wako watu wazima waliomzidi umri, na yeye hana uzoefu wa ukadhi. Mtume akauweka mkono wake juu ya kifua cha Ali, akamuombea Mwenyezi Mungu auongoze moyo wake na authibitishe ulimi wake. Kisha akampa kanuni moja ya kazi: watu wawili wakikaa mbele yake na shauri lao, asitoe hukumu kwa maneno ya wa kwanza mpaka amsikilize na wa pili kama alivyomsikiliza mwenzake. Sayyidna Ali alieleza baadaye kuwa tangu siku hiyo hakupata shaka tena katika kuhukumu baina ya watu wawili.

Huko Yemen alikutana na shauri zito. Watu walichimba shimo la kumtegea simba, na simba akanasa. Watu wakasongamana kumtazama, mmoja akateleza. Alipokuwa akianguka alimshika wa pili, wa pili akamshika wa tatu, na wa tatu akamshika wa nne. Wote wanne wakaanguka, simba akawajeruhi wakafa. Jamaa zao wakakaribia kupigana kwa silaha. Sayyidna Ali akawazuia akawahukumia fidia: wa kwanza robo ya diya, wa pili thuluthi, wa tatu nusu, na wa nne diya kamili, kila mmoja kwa kadiri alivyosababisha au alivyosababishiwa.

Ambao hawakuridhika aliwaruhusu waende kwa Mtume. Walikwenda wakamweleza, na Mtume akaipitisha hukumu ya Ali. Tazameni adabu hiyo. Kadhi kijana hakuona aibu hukumu yake ipelekwe mbele kwa aliye juu yake ichunguzwe. Aliona hiyo ni haki yao. Tutaliona jambo hili tena katika maisha yake.

MSHAURI WA MAKHALIFA

Mtume (S.A.W.) alifariki mwaka wa 11 Hijria (632). Katika ukhalifa wa Sayyidna Abubakar, wa Sayyidna Umar na wa Sayyidna Uthman (R.A.), Ali aliishi Madina, na makhalifa wakimtaka ushauri katika mashauri mazito. Sayyidna Umar, ambaye sote tunaujua uadilifu wake, alikiri mbele za watu kuwa Ali ndiye mbora wao katika kuhukumu. Imepokewa pia kuwa alikuwa akimuomba Mwenyezi Mungu amkinge na tatizo gumu litakalotokea naye Abul Hasan, yaani Ali, hayupo.

Na ilitokea zaidi ya mara moja kuwa hukumu imeshatolewa, kisha Sayyidna Ali akaonyesha kuwa haisimami.

Mwanamke aliyerudishwa njiani

Imepokewa katika Sunan Abi Daud kuwa mwanamke mwenye wazimu aliletwa kwa Sayyidna Umar kwa kosa la zinaa. Umar akashauriana na watu, akaamuru apigwe mawe. Walipokuwa wakimpeleka wakapita mbele ya Sayyidna Ali. Akauliza ana nini mwanamke huyu. Wakamwambia ni mwendawazimu wa kabila fulani, amezini, na imeamriwa apigwe mawe. Ali akawaambia wamrudishe. Kisha akamwendea Umar akamkumbusha jambo ambalo wote wawili walilijua: kuwa kalamu ya kuandika madhambi imeinuliwa kwa watu watatu, naye ni mwendawazimu mpaka arudiwe na akili, aliyelala mpaka aamke, na mtoto mpaka apate akili za utu uzima. Umar akakubali. Ali akamuuliza, kama ni hivyo, mwanamke huyu anapigwa mawe kwa nini? Umar akajibu kuwa hakuna sababu, akaamuru aachiliwe, na akawa anapiga takbira kwa furaha.

Hapa pana somo kwa pande mbili. Ali hakusema kuwa hilo si shauri lake apite zake. Na Umar, Amirul Muuminina, mtu aliyeogopwa na wafalme, hakukasirika kurekebishwa. Alifurahi kwa sababu ameokolewa na damu isiyo halali yake.

Hesabu ya miezi sita

Shauri jingine ni la mwanamke aliyejifungua baada ya miezi sita tangu aolewe. Watu walizoea kuwa mimba ni miezi tisa. Basi wakahesabu, wakaona miezi imepungua, wakasema mimba hii aliingia nayo. Katika habari hii hatusimuliwi kuwa walikuja mashahidi wanne, wala kuwa mwanamke alikiri. Kilichotajwa ni hesabu ya miezi tu, na kwa hesabu hiyo ikaonekana apigwe mawe.

Wapokezi wamekhitalifiana shauri hili lilitokea lini. Katika mapokezi mamoja lilikuwa mbele ya Sayyidna Umar. Dada yake yule mwanamke alimwendea Ali mbio, akamuapisha kwa Mwenyezi Mungu kuwa kama anajua dadake ana udhuru wowote amwambie. Ali akamwambia kuwa anao. Yule dada akapiga takbira kwa sauti mpaka Umar na waliokuwa naye wakaisikia. Umar akatuma kumuuliza Ali udhuru huo ni upi.

Sayyidna Ali akaikamata Qur'ani yenyewe. Katika Suratul Ahqaf, aya ya 15, Mwenyezi Mungu ametaja kuwa kuchukua mimba na kumwachisha mtoto ziwa, kwa pamoja, ni miezi thelathini. Na katika Suratul Baqara, aya ya 233, ametaja kuwa kunyonyesha kuliko kamili ni miaka miwili. Watoto wa darasa la hesabu, fanyeni nasi: miaka miwili ni miezi 24. Toa 24 katika 30, inabaki 6. Basi muda mdogo kabisa wa mimba ni miezi sita, na mtoto anaweza kuzaliwa katika muda huo naye ni wa ndoa. Ushahidi pekee uliokuwa ukimbana yule mama ukaporomoka. Umar akamwacha huru. Na imepokewa kuwa baadaye alizaa tena mtoto mwingine, naye pia kwa miezi sita.

Mafakihi wa madhehebu zote wameipokea hesabu hii, na mpaka leo wanafunzi wa fiqhi huifundishwa kuwa muda mdogo wa mimba ni miezi sita.

Lakini yapo mapokezi mengine, nayo Imam Malik ameyataja katika Muwatta. Katika mapokezi hayo shauri lilikuwa katika zama za Sayyidna Uthman. Ali akamweleza hoja ile ile ya aya mbili, na Uthman akaikubali pale pale, akatuma mtu haraka mwanamke arudishwe. Mjumbe alipofika alikuta ameshapigwa mawe.

Wapenzi wanafunzi, someni mapokezi haya mawili pamoja wala msiharakishe. Hoja ni ile ile, aya ni zile zile, na khalifa katika yote mawili ni mtu mwema aliyebashiriwa Pepo, na kila mmoja alirudi kwenye haki mara alipoionyeshwa. Tofauti ni muda tu. Katika habari moja mama amerudi kumnyonyesha mwanawe. Katika nyingine mtoto amebaki yatima, na hakuna hoja duniani ya kumrudishia mama yake. Mali iliyochukuliwa kwa makosa hurudishwa, na aliyefungwa hufunguliwa. Roho ikishatoka hairudi. Ndio maana wanazuoni wetu wakaweka kanuni kuwa adhabu za hudud huzuiliwa panapokuwa na shubha, yaani utata, na kwamba kiongozi akikosea katika kusamehe ni bora kuliko kukosea katika kuadhibu.

Ute wa yai

Ibnul Qayyim, katika kitabu chake Al-Turuq al-Hukmiyya, amekusanya habari nyingi za namna makadhi walivyoupima ushahidi. Miongoni mwake ni ya kijana wa Kiansari na mwanamke aliyempenda. Kijana alimcha Mungu akamkataa. Mwanamke akaona uchungu, akataka kumwangamiza. Akavunja yai, akatupa kiini, na ute wake mweupe akaumwaga kwenye nguo zake. Kisha akaenda kwa Sayyidna Umar akipiga kelele kuwa kijana huyu amemnajisi kwa nguvu na kumfedhehesha mbele ya watu wake. Umar akawauliza wanawake wamtazame, nao wakasema kuwa alama ya jambo lile wanaiona.

Kijana alikuwa karibu kuadhibiwa. Akalia na kumsihi Umar alichunguze shauri lake, kwani hakufanya uchafu huo. Umar akamgeukia Ali amuulize anaonaje. Sayyidna Ali akaitazama nguo, kisha akaitisha maji yaliyochemka sana. Akayamwaga juu ya ile alama. Ikaganda ikawa nyeupe, kama kila mtu aliyewahi kuchemsha yai anavyojua. Akainusa na kuionja, akatambua kuwa ni yai. Akamkemea mwanamke, naye akakiri.

Kijana huyu hakuwa na shahidi hata mmoja. Alichokuwa nacho ni dua yake, na kadhi aliyekubali kuwa alama inaweza kudanganya. Wale wanawake hawakusema uwongo, walisema walichokiona. Lakini walichokiona hakikuwa kile walichokidhania. Kati ya kuona na kudhani ndipo mtu asiye na kosa anapoangamia.

UKHALIFA WAKE, NA HUKUMU YAKE MWENYEWE

Mwaka wa 35 Hijria (656), baada ya kuuawa Sayyidna Uthman, Sayyidna Ali akawa khalifa wa nne. Zama zake zilikuwa za fitina na vita baina ya Waislamu, na makao yake yakawa mji wa Kufa, Iraq. Hatutaingia katika fitina hizo hapa. Tunachotaka kukiona ni hiki: mtu aliyezirekebisha hukumu za wengine, alifanyaje ilipotokea hukumu ya kurekebishwa ni yake?

Ibnul Qayyim amesimulia kuwa mtu mmoja aliletwa kwa Ali, amekamatwa katika gofu, mkononi ana kisu kinachovuja damu, na mbele yake pana maiti anayegaagaa katika damu yake. Ali akamuuliza, naye akasema kuwa yeye ndiye aliyeua. Kuna ushahidi gani zaidi ya huo? Kisu kipo, damu ipo, maiti yupo, na mtu mwenyewe amekiri. Ali akaamuru akauawe.

Walipokuwa wakimpeleka, akaja mtu mwingine mbio, akawaomba wasifanye haraka, wamrudishe kwa Ali. Walipofika mbele yake akakiri kuwa muuaji ni yeye, na yule waliyemkamata hana kosa. Sayyidna Ali akamgeukia yule wa kwanza akamuuliza, ni kitu gani kilichomfanya akiri jambo asilolifanya?

Akaeleza kuwa yeye ni mchinjaji. Alitoka usiku akachinja ng'ombe na kumchuna. Kisu kikiwa bado mkononi akabanwa na haja ndogo, akaingia katika lile gofu. Alipokuwa akitoka akamkuta maiti, akasimama kwa mshituko akimtazama, na mara askari wakamzunguka. Akaona kuwa kwa hali aliyokutwa nayo hakuna atakayemsadiki. Akakata tamaa, akakiri, na jambo lake akamwachia Mwenyezi Mungu.

Yule wa pili naye akaeleza kuwa alimuua marehemu kwa tamaa ya mali yake, akasikia askari wanakuja akajificha. Aliposikia mtu mwingine anakwenda kuuawa kwa damu ile, akajua kuwa atakuja kuulizwa kwa roho mbili, ndipo akatoka.

Sayyidna Ali akamtaka mwanawe Hasan atoe rai. Hasan akasema kuwa ikiwa mtu huyu ameiua nafsi moja, basi ameihuisha nafsi nyingine, na Qur'ani imemsifu anayeihuisha nafsi. Imesimuliwa kuwa Ali akawaachilia wote wawili, na diya ya marehemu ikatolewa katika Baitul Mal. Mafakihi wana maelezo yao juu ya kuachiliwa kwa yule muuaji wa kweli, kwani kisasi na msamaha ni haki ya warithi. Lakini juu ya yule mchinjaji hakuna mwenye shaka. Hukumu ilitoka katika kinywa cha Sayyidna Ali mwenyewe, na alipoona msingi wake umeanguka hakuitetea hata kwa neno moja. Aliitengua.

Wala hakutaka kadhi ampendelee. Imesimuliwa katika vitabu kuwa akiwa khalifa aliiona deraya yake, yaani nguo yake ya chuma ya vitani, mikononi mwa raia asiyekuwa Muislamu. Wapo wasimulizi waliosema alikuwa Myahudi, na wapo waliosema alikuwa Mkristo. Wakaenda kwa Kadhi Shuraih, kadhi wa Kufa. Shuraih akamtaka khalifa alete mashahidi. Katika mashahidi wake alikuwamo mwanawe Hasan, na Shuraih akakataa ushahidi wa mtoto kwa baba yake. Khalifa akashindwa kesi mbele ya kadhi wake mwenyewe, akaridhika. Yule mtu alistaajabu dini gani hii inayomhukumu mtawala kama raia. Akakiri kuwa deraya ni ya Ali, akatoa shahada akasilimu.

Shuraih alijua kuwa Ali si mwongo. Lakini kadhi hahukumu kwa sifa ya mtu. Anahukumu kwa kilichothibiti mbele yake.

KUFARIKI KWAKE

Alfajiri ya siku moja ya Ramadhani, mwaka wa 40 Hijria (661), katika mji wa Kufa, mtu wa kundi la Khawarij aitwaye Abdurrahman bin Muljam alimpiga Sayyidna Ali upanga wenye sumu. Muuaji akakamatwa pale pale. Safari hii hapakuwa na shaka wala dhana. Watu wote walijua nani amefanya.

Hata hapo, Sayyidna Ali akiwa katika maumivu ya mauti, alikumbuka haki za mfungwa. Aliusia alishwe na anyweshwe na atendewe vyema kizuizini. Akasema kuwa akipona, yeye mwenyewe ataamua kusamehe au kulipa. Na akifa, basi alipizwe pigo moja kwa pigo moja, wala asikatwekatwe mwili. Akawaonya jamaa zake, Bani Abdul Muttalib, wasije wakaingia katika damu za Waislamu kwa kisingizio kuwa Amirul Muuminina ameuawa. Asiuawe kwa ajili yake ila aliyemuua. Baada ya siku chache akafariki, Allah amridhie na auridhie uso wake. Innalillahi wa inna ilaihi rajiun.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Ndugu wasomaji, katika maisha haya yenye baraka tunapata mafunzo mengi. Tutaje machache:

1. Kila mtu yuko katika usafi wake wa asili mpaka kosa lithibiti. Anayedai ndiye wa kuleta ushahidi. Kalamu ya mwenzako ikipotea darasani, usimtaje mtu kwa sababu tu alikuwa amekaa karibu nayo.

2. Tusikilize pande zote mbili. Mzazi akiletewa mashitaka ya mtoto, mwalimu akiletewa ya mwanafunzi, amuite na mshitakiwa amsikilize kabla hajanyanyua bakora.

3. Wingi wa watu wanaosema jambo hauwi ushahidi. Mitaani kwetu mtu huitiwa mwizi, na kabla hajaulizwa jina lake ameshapigwa mawe au kuchomwa moto. Muislamu asishiriki katika hilo kwa mkono, kwa ulimi wala kwa kuokota jiwe. Kama kukiri na kisu chenye damu havikutosha kumfanya mchinjaji yule awe muuaji, itatosha vipi kelele ya mtu usiyemjua?

4. Elimu huokoa roho. Mama wa miezi sita aliokolewa na mtu anayeijua Qur'ani akaifikiri, akaziweka aya mbili pamoja. Kijana wa Kiansari aliokolewa na mtu anayejua yai likipata moto linakuwaje. Basi soma dini, soma na hesabu na sayansi, wala usiseme hili halina faida.

5. Kurudi kwenye haki si aibu. Umar alirudi, Uthman alirudi, Ali alirudi. Mkubwa anayemwambia mdogo kuwa nilikuhukumu vibaya hapungukiwi na heshima kitu.

6. Tufanye haraka katika kuondoa dhulma. Mjumbe wa Sayyidna Uthman alikwenda na haki mkononi, na haki yenyewe ikafika imechelewa. Ukijua jambo litakalomtoa mwenzako katika tuhuma, liseme leo. Usingoje kesho.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) amridhie Sayyidna Ali na Masahaba wote, atujaalie tuwe wenye kusimama na uadilifu hata juu ya nafsi zetu, na awaongoze mahakimu na makadhi wetu katika haki. Atukinge tusidhulumu wala tusidhulumiwe. Amin, ya Rabbal Alamin.

Wabillahi tawfiq.